Taa za mbele za gari zimezima: maswali tunayoulizwa kila siku gereji

Dar es Salaam jioni ni fupi. Saa kumi na mbili na nusu bado unasoma namba ya gari lililo mbele yako, ikifika saa moja giza limeshaingia. Katika nusu saa hiyo ndipo simu za gereji zinapoanza kulia: "Fundi, nimewasha taa, haziwaki." Mimi ni fundi umeme wa magari, na magari yanayopita mikononi mwangu mengi ni ya Kijapani yaliyoingia nchini yakiwa yametumika: Vitz, IST, Probox, Noah, Corolla, RAV4, na Land Cruiser kadhaa. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi. Karibu majibu yote yanatoka kwenye swali moja ambalo fundi anapaswa kujiuliza kabla hajakutuma dukani: umeme umetoka kwenye betri, umeishia wapi?

Taa moja imezima, ya pili inawaka vizuri. Nianzie wapi?

Anzia kwenye balbu. Taa ya upande mmoja ikifa peke yake, mara nyingi sana ni balbu iliyoungua. Zima taa, zima gari, fungua boneti. Nyuma ya taa utakuta soketi yenye waya mbili au tatu na, kwa balbu nyingi, kifuniko cha mpira. Chomoa soketi kwa kushika mwili wake, usivute waya. Vua mpira, legeza springi inayoibana balbu, kisha itoe taratibu.

Iangalie kwenye mwanga. Ndani kuna uzi mwembamba uliojiviringa. Uzi ukikatika utauona, na wakati mwingine kioo kinakuwa cheusi au cha kijivu upande wa ndani. Lakini macho hudanganya, maana uzi unaweza kukatika mahali pasipoonekana. Kwa hiyo fanya jaribio hili la bure: chukua balbu ya upande unaowaka, iweke upande uliozima. Ikiwaka, tatizo ni balbu, nenda dukani. Isipowaka, balbu yako haina kosa. Usinunue kitu, endelea kutafuta kwenye fyuzi, soketi na ethi (waya wa kurudisha umeme) ya upande huo.

Nitajuaje balbu ya kununua?

Imeandikwa kwenye kitako chake cha chuma au cha plastiki. Gari ndogo nyingi za Kijapani za miaka ya 1990 na 2000 hutumia H4. Hiyo ina miguu mitatu na nyuzi mbili ndani yake, moja ya dimu (mwanga wa chini) na moja ya fulu (mwanga wa mbali), na huandikwa 12V 60/55W: wati 60 ni za fulu, 55 ni za dimu. Magari mengine yametenganisha kazi, dimu ina balbu yake na fulu yake. Humo utakutana na H7, H11, H1, HB3 au HB4, kila moja ikiwa na uzi mmoja. Haziingiliani. Ukiona mtu anachonga kitako kwa kisu ili balbu iingie, mzuie. Uzi ukikaa milimita chache nje ya mahali pake, mwanga unatawanyika na barabara huioni hata kama taa inaonekana kali kwa anayeitazama.

Nenda dukani na balbu ya zamani mkononi. Inaokoa safari ya pili ya Kariakoo.

Nimeambiwa nisiguse kioo cha balbu kwa vidole. Ni kweli?

Kweli kabisa. Balbu hii ya uzi, iitwayo halojeni, huwa na joto kali mno, na mafuta ya vidole yanayobaki kwenye kioo huungua na kufanya sehemu moja ya kioo ipate moto kuliko nyingine. Inapasuka au kufa mapema. Shika kitako, au tumia kitambaa safi. Ukiigusa kwa bahati mbaya, ifute kwa spiriti, iache ikauke, ndipo uifunge.

Taa zote mbili zimezima kwa wakati mmoja. Balbu mbili zinaweza kuungua pamoja?

Mara chache. Ila uliza kwanza: je, zilizima pamoja kweli, au moja ilikufa mwezi uliopita ukawa unaendesha na jicho moja bila kujua? Nimepokea wengi wa namna hiyo. Mjini kuna taa za barabarani, mtu haoni pengo mpaka ya pili nayo inapokufa.

Kama zilizima pamoja kweli, tafuta mahali ambapo umeme wa taa zote mbili hupita kwa njia moja kabla ya kugawanyika. Mahali hapo ni pachache.

Kwanza ni fyuzi. Kuna kisanduku kimoja chini ya boneti karibu na betri, na kingine ndani, kwa kawaida chini ya dashibodi upande wa dereva. Kwenye kifuniko kuna mchoro. Kwenye magari ya Toyota tafuta maandishi HEAD LH na HEAD RH, yaani taa ya kushoto na ya kulia. Gari nyingi zina fyuzi tofauti kwa kila upande, makusudi, ili moja ikiungua usibaki gizani. Ndiyo maana fyuzi zote mbili zikiwa nzima na taa zote zimezima, tunahamia mbele haraka. Kama gari ni la soko la Japani, mchoro unaweza kuwa na Kijapani, lakini maneno ya fyuzi mara nyingi yamo kwa herufi tunazozijua.

Pili ni rilei. Ni kile kisanduku cheusi cha mraba ndani ya kisanduku cha fyuzi. Kazi yake ni kupokea amri ndogo kutoka kwenye swichi ya usukani na kuruhusu umeme mkubwa uende kwenye taa. Mwombe mtu awashe na kuzima taa wakati wewe umeweka kidole juu ya rilei. Ukisikia "tk" na kuhisi mtikisiko, rilei inapokea amri. Lakini mlio huo si ushahidi kwamba umeme unapita, kwa sababu vichwa vya ndani vinaweza kuwa vimeungua. Tafuta rilei nyingine yenye umbo na namba ileile, mara nyingi ya honi, uzibadilishane. Taa zikiwaka na honi ikakaa kimya, jibu umelipata bila kutoa hata shilingi.

Tatu ni swichi yenyewe, ule mkono wa pembeni ya usukani. Ndani yake kuna vipande vya shaba vinavyogusana kila unapouzungusha, na kwenye gari lililotembea miaka mingi vinaungua au grisi inagandia juu yake. Dalili yake naijua bila testa (kitaa kidogo cha kupimia umeme): mteja anasema, "Nikiuchezesha mkono kidogo zinarudi." Swichi ya namna hiyo huweza kufunguliwa na kusafishwa na fundi mwenye subira, na ikiwa shaba imekwisha basi inabadilishwa.

Nne, ile fyuzi kubwa ya njia kuu. Hii huungua hasa pale gari liliposhtuliwa betri kwa kugeuza nyaya, hasi ikawa chanya. Lakini hapo huwa si taa peke yake, mambo mengi yatakuwa yamekufa pamoja nazo.

Dimu haziwaki lakini fulu zinawaka. Inakuwaje?

Hiyo ni habari njema, kwa sababu imekuondolea nusu ya kazi. Betri ni nzima, na ethi kwa kawaida nayo ni nzima. Kwenye H4 uzi wa dimu hufa kwanza kwa kuwa ndio tunaoutumia usiku kucha, fulu tunaigusa kwa dakika chache tu. Badilisha balbu zote mbili. Kama balbu ni nzima, kagua swichi ya usukani na, kwa magari yenye rilei ya pekee ya dimu, kagua rilei hiyo.

Tafadhali usiendeshe kwa fulu wiki nzima ukisubiri mshahara. Anayekuja mbele yako akiwa na pikipiki na abiria nyuma haoni kitu, na bega la barabara zetu halina nafasi ya kukosea.

Fyuzi inaungua kila nikiweka mpya. Niweke kubwa zaidi?

Hapana, na hapa nitasema kwa ukali kidogo. Fyuzi imewekwa iungue ili waya usiungue. Fanya hesabu: balbu ya wati 55 kwenye volti 12 inakula ampea 4.6 hivi. Fyuzi nyekundu ya 10 au ya bluu ya 15 inaitosha kabisa. Ikiungua, kuna mahali umeme unapotea: waya umechubuka na kugusa bodi, balbu ina shoti ndani, au soketi imeyeyuka na miguu yake imegusana. Ukiweka ya kijani ya 30, au ukazungushia waya wa shaba kama nilivyowahi kukuta, kinachofuata kuungua ni waya wenyewe ndani ya dashibodi, ulikokaa wewe na watoto.

Chomoa soketi za taa zote mbili, weka fyuzi mpya ya kiwango kilichoandikwa, washa. Ikidumu, shoti ipo kwenye balbu. Ikiungua tena huku balbu zimechomolewa, shoti ipo kwenye waya au soketi. Fuata njia ya waya kwa macho, hasa pale unapopita kwenye kona ya chuma, nyuma ya bampa lililowahi kugongwa, na mahali palipowahi kuunganishwa king'ora au taa za ziada. Angalia na panya pia. Gari linalolala nje karibu na jalala huliwa nyaya, na huwezi kujua mpaka uinue kifuniko.

Balbu mpya, fyuzi nzima, testa inaonyesha umeme upo, lakini taa haiwaki. Nimechanganyikiwa.

Swali hili nalipenda, kwa kuwa ndipo watu wanapopoteza fedha nyingi. Umeme hauishii kwenye balbu. Unapita ndani yake na lazima urudi kwenye betri. Njia ya kurudi ndiyo tunayoiita ethi: waya unaotoka kwenye taa na kufungwa kwa bolti kwenye bodi ya gari. Ethi ikiwa na kutu, imelegea au imepakwa rangi, umeme unafika mlangoni na kukosa pa kutokea.

Nilipokea Noah ambalo mwenyewe alikuwa ameshanunua taa nzima mbili, kushoto na kulia, kwa ushauri aliopewa kwingine. Mpya zikakataa kuwaka kama za zamani. Nilipomuuliza historia ya gari akasema lilinyooshwa bodi na kupakwa rangi wiki mbili kabla. Nikaenda moja kwa moja kwenye bolti ya ethi nyuma ya taa. Walioipaka walikuwa wamepaka rangi chuma chote, kisha wakafunga ethi juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Nikakwangua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikafunga, taa zikawaka. Yule mzee alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akiziangalia zile taa mbili alizonunua, akanyamaza kwa muda mrefu.

Jaribio la ethi ni rahisi. Chukua waya, upande mmoja uguse kichwa hasi cha betri, upande wa pili uguse mguu wa ethi wa balbu. Taa ikiwaka, umeipata. Mwenye multimita afanye hivi: awashe taa, aweke kipimo kimoja kwenye hasi ya betri na kingine kwenye ethi ya balbu. Inapaswa kuwa karibu na sifuri. Ikizidi nusu volti, ethi ni mbovu hata kama kwa macho inaonekana safi.

Kuna mtego mmoja kwa Land Cruiser na Toyota kadhaa za zamani. Kwenye hizo, chanya inafika kwenye balbu moja kwa moja kupitia rilei, na swichi ya dimu na fulu inakata upande wa hasi. Fundi asiyejua anabana testa kwenye bodi, anagusa miguu mitatu, anaona mguu mmoja tu una umeme siku zote, anahitimisha kwamba waya za dimu na fulu zimekatika, anaanza kukata koti la nyaya. Kwenye gari la namna hiyo bana testa kwenye chanya ya betri, kisha gusa miguu ya dimu na fulu wakati mwenzako anabadilisha swichi. Kama testa inawaka na kuzima kwa zamu, nyaya zako ni nzima.

Taa zinawaka lakini hafifu, kama mshumaa. Nibadilishe balbu?

Subiri. Kuna sababu nne, na tatu kati yake balbu haihusiki.

Angalia kioo cha nje. Taa za kisasa zina plastiki ngumu badala ya kioo, na jua letu huifanya iwe ya njano na yenye ukungu. Balbu inawaka vizuri ila mwanga unakwama mlangoni. Inasafishwa kwa msasa wa maji, ukianza na namba 800 au 1000, kisha 1500, 2000 na 3000, halafu polishi. Dawa ya meno hung'arisha kwa wiki chache tu. Na msasa peke yake hautoshi: ukiondoa lile tabaka la kinga lililobaki bila kupaka jipya la kuzuia jua, baada ya miezi michache njano inarudi.

Angalia kigurudumu kidogo kwenye dashibodi chenye namba kuanzia 0. Hicho kinainamisha taa pale gari linapobeba mzigo nyuma. Mtoto akikichezea kikafika kwenye namba ya mwisho, mwanga unaangukia mita chache mbele ya bampa na unadhani taa zimechoka. Kirudishe 0. Nimekwisha kumaliza kazi ya "taa hafifu" kwa kidole kimoja, na sikumtoza mtu.

Pima volti. Gari likizimwa, betri iliyojaa husoma kama 12.6. Gari likiwaka inapaswa kuwa kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Ikibaki 12 na kidogo na kuendelea kushuka, alteneta haichaji na muda si mrefu gari lenyewe litazima. Kama kwenye betri kuna 14 na kwenye soketi ya taa kuna 12, umeme unapotelea njiani: kichwa cha betri chenye unga mweupe, rilei iliyoungua, ethi mbovu, waya uliooza. Upungufu wa asilimia 10 ya volti hukuondolea karibu theluthi ya mwanga.

Ya nne ni balbu iliyozeeka. Ni ya mwisho kuangaliwa, si ya kwanza.

Taa zinapepesa, au zinazidi kung'aa nikikanyaga mafuta.

Kupepesa kwenye matuta ni kitu kilicholegea: vichwa vya betri, ethi, soketi. Tikisa kimoja kimoja taa zikiwa zimewaka mpaka umwone mkosaji. Kung'aa unapokanyaga na kufifia unaposimama kwenye foleni ni habari ya chaji: mkanda wa alteneta umelegea, au alteneta imechoka, au betri imekufa na gari linaishi kwa alteneta peke yake.

Nabadilisha balbu kila mwezi. Nauziwa feki?

Inawezekana, feki ziko nyingi. Lakini pima kwanza volti gari likiwa linawaka na limekanyagwa kidogo. Ikizidi 15, kidhibiti ndani ya alteneta kimekufa na kinapika kila kitu, betri ikiwemo. Balbu hazivumilii ziada ya volti hata kidogo, maisha yake hupungua kwa kasi ya kutisha. Kama volti iko sawa, angalia kama balbu inacheza kwenye kiti chake. Mtikisiko wa barabara ya vumbi hukata uzi wa moto.

Soketi ya taa imeyeyuka. Niifunge kwa tepu?

Hapana. Kata, weka soketi mpya yenye nyaya za unene uleule, ziunganishe kwa kulehemu au kwa viungio vya kubana, kisha uzifunike. Halafu jiulize kwa nini iliyeyuka. Mara nyingi kuna mtu aliyeweka balbu za 100/90W ili aone mbali. Wati 100 ni zaidi ya ampea 8 kwa taa moja, na waya wa kiwandani na soketi yake havikuandaliwa kwa mzigo huo. Mtu anayesafiri usiku sana na anataka mwanga zaidi namshauri nyaya nene mpya na rilei zake kutoka betri hadi taa, akiwa na balbu zilezile za 60/55W. Utashangaa mwanga uliokuwa umepotea njiani.

Gari langu lina taa za xenon. Moja inawaka kisha inazima.

Hizi hazina uzi. Kuna gesi na cheche kati ya ncha mbili, na kisanduku kiitwacho balasti kinachopandisha umeme wa betri hadi zaidi ya volti 20,000 kwa kuanzia. Kwa hiyo kabla hujagusa kitu, zima taa, ondoa kichwa hasi cha betri, subiri. Huo si umeme wa kujaribia.

Balbu ya xenon ikizeeka hubadilika rangi na kuwa ya waridi au zambarau, kisha inaanza kuwaka na kuzima. Hamisha balbu kutoka kushoto kwenda kulia. Tatizo likihama nayo, ni balbu. Likibaki palepale, ni balasti au nyaya zake. Soma D2R, D2S, D4R au D4S kwenye kitako kabla ya kununua. D2 na D4 hazitumii balasti moja, volti zake ni tofauti.

Niweke LED badala ya halojeni?

Taa yenye kioo cha kuakisi iliyotengenezwa kwa halojeni ilipigiwa hesabu ya uzi uliokaa mahali fulani. LED nyingi za bei rahisi haziweki mwanga wake hapo, zinautawanya. Wewe unaona weupe mwingi karibu, kwa mbali unaona kidogo, na anayekuja anaziba macho kwa mkono. Zaidi ya hapo, nyingine zinaharibu redio: ukiwasha taa, stesheni inakwaruza. Na kwenye zile Toyota zinazokata upande wa hasi, LED ya H4 isiyo na adapta yake mara nyingi inachanganya dimu na fulu. Kama umeshaziweka na zimezima ghafla, angalia feni ndogo ya nyuma. Ikijaa vumbi na kusimama, LED inaungua kwa joto lake yenyewe.

Mimi kwenye gari langu nimebaki na halojeni, ethi safi, na kioo kilichosafishwa.

Kuna maji ndani ya taa.

Ukungu mwembamba baada ya kuosha gari au asubuhi ya mvua ni kawaida, taa ina matundu ya kupumulia, na utapotea taa zikiwashwa. Maji yanayocheza chini kama bahari kwenye chupa si kawaida: kuna ufa, gundi imeachia, au mpira wa nyuma haukurudishwa baada ya kubadilisha balbu. Hilo la mwisho ndilo ninalolikuta zaidi. Na waambie wanaoosha injini kwa mashine ya presha wasielekeze nyuma ya taa.

Nimenunua taa nzima iliyotumika, inawaka ila madereva wote wananipigia fulu.

Uliza ilitoka nchi gani. Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha upande wa kushoto kama Japani, hivyo dimu huinuka kidogo kuelekea kushoto, kwenye bega la barabara. Taa iliyotoka kwenye gari la Dubai, Ulaya au Marekani, ambako wanaendesha kulia, inainua mwanga kuelekea kulia, machoni kabisa mwa anayekuja. Kati ya nchi kubwa za Ulaya, ni ya Uingereza tu ambayo ingekufaa. Wenzetu wa Kongo, Rwanda na Burundi wana shida hiyohiyo kwa kinyume, wakiagiza gari kutoka Japani. Kuinamisha hakutibu umbo la mwanga. Rudisha ikiwezekana.

Kama taa ni sahihi, basi haijapangwa. Simamisha gari sehemu tambarare mita 5 kutoka ukutani, upepo wa matairi ukiwa sawa na dereva ameketi. Kingo ya juu ya mwanga wa dimu ikae sentimita 5 hivi chini ya usawa wa katikati ya taa. Kuna skrubu nyuma ya taa za kupandisha na kushusha.

Taa zinawaka mchana zenyewe na hazitaki kuzima.

Una swichi kwenye AUTO, na umetandika kitambaa juu ya dashibodi. Chini ya kitambaa kuna kijicho kidogo kinachopima mwanga, nawe umekifunika, kinadhani ni usiku. Kitoboe kitambaa hapo. Kama huna AUTO, rilei imegandia: igonge kidogo, kisha ibadilishe kabla haijamaliza betri.

Na kwa lori au pikipiki?

Fuso, Scania na wenzake wanatumia volti 24. Balbu ya 12V humo inamulika mara moja na kufa. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli kutoka Japani nazo ni za 24, soma balbu ya zamani. Kwa pikipiki, nyingi ndogo hupeleka umeme wa taa moja kwa moja kutoka kwenye koili za injini, ndiyo maana taa inafifia ukiwa taratibu. Balbu zikiungua ovyo, kagua kidhibiti cha chaji kwanza.

Niko njiani usiku, taa zimezima ghafla. Nifanye nini?

Tuseme umeshapita Chalinze unaelekea Segera, kuna malori nyuma. Usikanyage breki kwa hofu. Washa hazadi mara moja, shikilia usukani ulivyokuwa, punguza kwa taratibu ukitoka barabarani kabisa. Vuta mkono wa taa kuelekea kwako: kwenye magari mengi ile fulu ya kumulika inapita njia nyingine kidogo na inaweza kukupa mwanga wa kuona bega lilipo. Jaribu na taa za ukungu kama unazo.

Ukishasimama, shusha abiria upande wa mbali na barabara, wasikae ndani. Weka pembetatu nyuma mbali, hatua hamsini na zaidi, na kama huna, vunja matawi uyapange kama tufanyavyo siku zote, ila ukiondoka uyatoe. Kisha kwa tochi ya simu: shika vichwa vya betri, kaza. Angalia fyuzi mbili za HEAD. Badilisha rilei ya taa na ya honi. Chezesha swichi. Sukuma soketi nyuma ya taa. Dakika kumi zinatosha, na nyingi ya zile taa nilizoitiwa usiku zingewaka kwa moja ya hayo matano.

Zisipowaka, lala hapo au mtafute wa kulivuta. Usijaribu kumfuata mtu kwa karibu ukitumia taa zake. Akikwepa shimo wewe utaliona likiwa chini yako.

Niweke nini kwenye gari kabla ya safari?

Balbu moja ya namba yako ndani ya boksi lake, fyuzi za 10 na 15, rilei moja, testa ya taa, bisibisi, kipande cha msasa, tepu, na tochi yenye betri yake, kwa sababu simu utaihitaji kupigia. Vyote vinaenea kwenye mfuko wa kilo moja ya sukari. Na jioni ya kuamkia safari, simamisha gari mbele ya ukuta, washa dimu, washa fulu, shuka uhesabu: mbili na mbili.